Komamanga Lisiloliwa

Ndugu zangu, na nyinyi mama zangu mlio nyuma ya pazia, sogeeni kidogo. Jua limeingia upande huu na sitaki mtu anisikilize huku amekunja uso. Leo sina maneno marefu. Nina mji mmoja na mzee mmoja, basi. Mji wenyewe ni wa mfano, asije mtu kuniuliza baada ya swala uko wilaya gani.

Mji huo uliitwa Mkomamangani. Mnajua watu wetu hawahangaiki na majina. Pana mkwaju, basi ni Mkwajuni. Pana mkunazi, basi ni Mkunazini. Na hapo palikuwa na mkomamanga mmoja katikati ya mji, mkubwa kuliko ilivyo kawaida ya mikomamanga, umezungushiwa ua wa makuti na kufungwa vitambaa vyeupe. Wazee wao walisema mbegu yake ililetwa na hujaji, kaificha ndani ya kilemba. Wakasema tena, na hili ndilo lililowamaliza, kwamba ndani ya kila komamanga pana punje moja ya Peponi. Moja tu, na hakuna aijuaye ni ipi.

Mimi na wewe tukisikia hivyo tungefanya nini? Tungelila lote, mpaka punje za kwenye kona, tusije tukaikosa. Au siyo? Wao walifikiri vingine. Walisema, kama hatujui ni ipi, tunaweza kuitafuna ya Peponi kwa midomo hii hii tuliyosengenyea asubuhi. Ni heri tusile kabisa. Basi ikawa sheria. Komamanga la mji haliliwi, na anayelila hana mji.

Mnacheka. Ngojeni.

Sasa tunda lisiloliwa hufanywa nini? Huangikwa. Kukiwa na harusi, wazee wa mti walichuma komamanga moja zima, lisilo na ufa hata wa unywele, likafungwa uzi mwekundu na kuangikwa juu ya mlango wa chumba cha mwali. Mwali asiyeangikiwa alihesabiwa hajaolewa, hata kama amezaa watoto saba. Likikauka, lilichomwa kwenye chetezo pamoja na ubani. Na yale yaliyoanguka yenyewe mtini yalizolewa na kutupwa kwenye kisima kikavu nje ya mji. Kwa hiyo watu wale walikuwa na jina la komamanga, walikuwa na kisa cha komamanga, walikuwa na mashairi ya komamanga. Ladha yake hawakuwa nayo.

Mashairi yenyewe yalighaniwa na mzee mmoja, tumwite Mzee Mbwana. Sauti alikuwa nayo, hilo tumpe. Harusi zote za mji yeye ndiye aliyesimama chini ya lile tunda, mkono sikioni, akaghani:

*Komamanga la uzuri, tamu kushinda asali,*
*Limesitiri johari, ajuaye yuko mbali.*

Watu walitokwa na machozi. Naye alitokwa na machozi, mtu ambaye hajawahi kuonja hata punje.

Huyu Mzee Mbwana alikuwa na dada yake mkubwa, wamenyonya ziwa moja, jina lake Somoe. Zamani, Mbwana akiwa kijana ndiyo kwanza anaota ndevu, Somoe alikuwa na mimba, na mimba ile ikamtamanisha komamanga. Mama zangu mnaijua hali hiyo kuliko mimi. Wengine mimba huwatamanisha udongo, wengine embe bichi. Somoe alivumilia, alivumilia, siku moja akaingia uani kwenye mti, akachuma moja, akalila amechuchumaa palepale. Mbwana akamwona. Na Mbwana ndiye aliyekwenda kusema.

Kesi haikuwa ndefu. Somoe alisindikizwa mpaka mwisho wa mji na kitumbo chake, mumewe nyuma na godoro kichwani, kwa sababu mumewe alikuwa mwanamume wa kweli. Toka siku ile jina lake halikutajwa. Mbwana alioa, akapata binti, akamwita Riziki, na Riziki akakua mpaka akawa mwali bila kuambiwa kwamba baba yake alikuwa na dada.

Haya. Riziki akaposwa. Kijana mzuri, ana kazi yake, ana adabu zake. Siku ikawekwa. Na mwaka uleule mkomamanga ukafa. Mchwa, au kiangazi, au uzee, Mungu ndiye ajuaye. Ulikauka toka shina mpaka kijitawi cha mwisho, na haukuwa umeacha hata tunda moja.

Harusi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Mama wa bwana harusi akatuma ujumbe, maneno ya heshima lakini yana meno: mwanawe haoi mwali asiyeangikiwa, na kama ikifika Ijumaa ya mwisho ya mwezi hakuna komamanga, watatafuta mahali pengine. Riziki akawa hali chakula. Anakaa ndani kimya, mama yake akimpelekea uji unarudi umeganda. Mzee Mbwana alikuwa akimpenda mtoto yule sana, na hakujua afanye nini.

Akaenda kwa wazee wa mti. Mkubwa wao aliitwa Mzee Jongo, mtu wa kukohoa kabla ya kusema. Mmoja wao akashauri liangikwe limau lililopakwa rangi nyekundu. Mwingine akasema fundi seremala achonge la mti. Wa tatu akasema tunda si kitu, kitu ni shairi, Mbwana aghani mara mbili itoshe. Akatokea na sheikh wa mji, akawaambia, "Jamani, ndoa ni walii, mashahidi, mahari, na watu wawili waliokubaliana. Komamanga halimo." Wakamwambia, "Sheikh, hayo ni ya msikitini." Walibishana mpaka adhuhuri. Mwisho Mzee Jongo akakohoa, akasema limau ni limau, mti ni mti, na shairi bila tunda ni kelele. "Tafuta komamanga, Mbwana. Zima."

Mzee Mbwana akashika njia mpaka mjini sokoni. Akazunguka meza zote za matunda, akamkuta mama mmoja anapanga mapapai.

"Makomamanga yamekwisha, mzee wangu," yule mama akamwambia. "Msimu umefunga. Lori la mwisho limepita juzi kwenda bandarini. Labda uende mwenyewe Mkomamangani, huenda yamebaki ya mtini."

"Ndiko ninakotoka."

"Na umekosa?"

"Hakuna. Mti umekufa."

"Mti upi? Kule kila ua una mti."

"Mama, mimi nimezaliwa Mkomamangani. Baba yangu kazikwa Mkomamangani. Nakwambia hakuna."

Yule mama akaacha mapapai, akamtazama vizuri. "Mzee, umekunywa chai leo?"

"Nimekunywa."

"Basi nikuelekeze. Shika barabara ya kulia, vuka daraja, mbele huko uliza Mkomamangani, hata mtoto atakuonyesha."

"Kwetu ni barabara ya kushoto."

"Basi kwenu siko Mkomamangani," akasema yule mama, akarudi kwenye mapapai yake.

Neno hilo lilimkaa Mzee Mbwana vibaya. Mtu akikwambia hujui bei ya sukari, unavumilia. Akikwambia hujui kwenu? Alisimama pale sokoni akitazama kulia, akitazama kushoto, mpaka mpita njia mmoja akamuuliza kama amepotelewa na kitu. Mwisho akajiambia, mwenye shida hachagui barabara. Akapata nafasi kwenye lori la chumvi, likashika kulia.

Mbele ya daraja, mwendo mrefu, utingo akagonga bodi. "Mkomamangani hiyo. Mzee, shuka."

Akashuka. Akaona kijiji kigeni kabisa, nyumba za bati, msikiti mdogo wa matofali, na kibao cha shule kimeandikwa jina la kwao. Akalisoma herufi kwa herufi. Jina ni lile. Uwanja si ule, watu si wale, hata upepo ulikuwa na harufu nyingine. Alihisi kama mtu aliyeamka usingizini akakuta kitanda kimegeuzwa. Aliogopa, nawaambia kweli. Alidhani labda ni yeye aliyekufa, siyo mti.

Nyumba ya kwanza kando ya barabara palikuwa na mwanamke wa makamo anafagia. Akamwona mzee ana vumbi na midomo imekauka, akamwambia, "Karibu mzee, kaa barazani upumzike." Mzee Mbwana akakaa. Alimtazama yule mwanamke, paji la uso na jinsi anavyoshika ufagio, akawa kama anamjua na hamjui. Mwanamke akaingia ndani, akatoka na bakuli na kijiko. Ndani ya bakuli mlikuwa na vitu vidogo vyekundu, vinang'aa, vina maji.

Mzee akaonja. Akaonja tena. Vilikuwa vitamu, lakini si utamu wa asali. Utamu wenye ukali ndani yake, unaouamsha ulimi. Njaa na kiu vikampiga pamoja, akala mpaka akakwangua. Akaongezewa, akamaliza na hilo.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," akasema, akijifuta ndevu. "Hivi ni vitu gani?"

Mwanamke akacheka. "Mzee nawe una utani."

"Sina utani, mama. Nimetoka nyumbani na shida kubwa. Natafuta komamanga."

Mwanamke akatazama bakuli tupu, akamtazama yeye, ndevu zake nyeupe zimeingia wekundu. "Na hicho ulichokula ni nini?"

"Si ndicho ninachokuuliza? Komamanga nalijua mimi. Ni tunda la mviringo, gumu, lina taji kichwani."

"Hilo ni ganda lake, mzee," mwanamke akasema polepole, kama anayesema na mgonjwa. "Kwani umetoka wapi, mtu asiyejua komamanga?"

Ndugu zangu, mngekuwa nyinyi mngejibu nini? Mghani wa makomamanga, mtu aliyeliza harusi za mji mzima, atasema anatoka wapi? Akasema kwa sauti ndogo, "Mkomamangani."

"Hapa ndipo Mkomamangani."

"Ile nyingine."

Mwanamke akaacha kucheka. Akaegemeza ufagio ukutani, akaita kuelekea uani, "Mama, hebu njoo."

Akatoka bibi mmoja, mikono imelowa wekundu mpaka viwiko, kwa sababu huko nyuma walikuwa wakichambua makomamanga ya juisi. Akasimama mlangoni. Hakuuliza jina.

"Mbwana," akasema. "Umezeeka."

Mzee Mbwana akaweka bakuli chini. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeshakula?"

"Nimekula."

"Vizuri." Somoe akakaa pembeni yake, akamwonyesha yule mwanamke. "Huyu ndiye aliyelitaka lile tunda, mimi nilimtumikia tu. Mwanatumu, msalimie mjomba wako."

Basi wakakaa. Mzee Mbwana alikuwa na maswali mengi hata hakujua lipi litangulie, akauliza lile la kijinga: jina la kwao limefikaje hapa. Somoe akamweleza. Siku ile alipokula, mbegu chache alizitema mkononi, akazifunga kwenye pindo la kanga, hata yeye hakujua kwa nini. Walipochoka kutembea wakapiga kambi hapa, pakiwa pori, akazifukia. Ukaota mmoja kando ya barabara. Madereva wakawa wanaambizana, nishushie pale kwenye mkomamanga. Waliokuja kujenga wakaomba mbegu, wakapewa. "Jina limekuja lenyewe," akasema. "Mimi sikumwibia mtu."

"Binti yangu anaolewa," Mzee Mbwana akasema. "Riziki. Mti umekufa, na wanataka komamanga la kuangika."

"Kumbe mimi ni shangazi ya mtu," akasema Somoe, na macho yakamlowa, akayafuta kwa mgongo wa mkono, wekundu ukambakia shavuni.

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na neno moja la kusema. Mnalijua. Harusi gani ya kwetu mwali hana shangazi? Nani amshike mkono, nani amnong'oneze? Mzee Mbwana alilijua neno lile. Lilifika mpaka kwenye meno, akamkumbuka Mzee Jongo na kikohozi chake, akalimeza.

Somoe aliliona likimezwa. Akainuka, akamwambia kwamba la kuangika hana. Mazima yote yamekwenda na lori, yaliyobaki ni yaliyopasuka mtini, ambayo wachuuzi hawayataki. "La kula lipo." Akajaza punje kwenye bakuli la bati mpaka juu, akalifunga kwa kitambaa safi, akamkabidhi.

Mzee Mbwana akarudi na bakuli mapajani, njia nzima hajui amebeba nini. Ni komamanga au si komamanga? Akisema ni komamanga, liko wapi ganda, utafunga wapi uzi? Akisema si komamanga, basi ameleta nini? Na akiulizwa limetoka wapi? Alifika kwake magharibi, nyumba imejaa wanawake wa shughuli wakichambua mchele, maana kesho yake ndiyo ile Ijumaa. Akampa mkewe bakuli. "Weka ndani, funika na kawa. Nitaeleza kesho." Akaenda kulala na kofia yake kichwani.

Asubuhi wazee wa mti wakaja, wakakaa barazani, Mzee Jongo katikati. Wanawake wakajisogeza mlangoni. Riziki alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, anasikia kila kitu.

"Limepatikana?" akauliza Mzee Jongo.

Mzee Mbwana akaleta bakuli, akaliweka mbele yao, akafunua kawa. Akashtuka. Jana lilikuwa limejaa. Leo lilikuwa nusu.

"Hiki nini?" akasema Mzee Jongo.

"Ni komamanga."

Wazee wakainamia bakuli. Mmoja akasema ni kunde za rangi. Mwingine akasema ni shanga zimelowekwa. "Mbwana, tunakuheshimu," akasema Mzee Jongo. "Komamanga tunalijua sisi. Lina taji kichwani."

"Hilo ni ganda lake," akasema Mzee Mbwana. Halafu, kwa kuwa alikuwa amechoka kuzungukazunguka, akasema yote. Soko, barabara ya kulia, kibao cha shule, bakuli alilokula bila kujua analokula. Akamtaja na Somoe kwa jina lake.

Mzee Jongo akakohoa. "Tunda la mtu aliyefukuzwa haliingii kwenye harusi. Mwaga. Na sheria unaijua, Mbwana. Aliyekula hana mji."

Mzee Mbwana alimfikiria binti yake mle ndani. Akimwaga, binti hana harusi; na yeye, amwage asimwage, hana mji. Akatazama mikono yake. "Basi mimi sina mji," akasema. "Nimekula. Mabakuli mawili."

Mkewe akatokeza mlangoni, kanga mdomoni. "Na mimi nimekula, baba Riziki. Jana ulipolala. Sikujua ni kitu gani, nilionja tu."

"Na mimi," akasema mpishi nyuma yake.

"Na mimi kijiko kimoja," akasema jirani.

Wakatoka mmoja mmoja, wanawake wa shughuli wote, kila mmoja na kijiko chake. Mnajua bakuli lililofunikwa kwenye nyumba yenye wanawake thelathini lina maisha gani. Mwisho akasogea bibi mmoja mnene, naye ni mke wa Mzee Jongo mwenyewe. Akasema, "Bwana, na mimi nilionja. Na kidogo nilikuletea kwenye kisahani, jana usiku gizani, ulipomaliza kula wali. Ukala. Ukaniuliza kama kimebaki."

Mzee Jongo akafungua mdomo. Kikohozi hakikuja.

Pazia likasogezwa. Mwali akatoka, na mwali hatoki, nyinyi mnajua. Watu wote wakainamisha macho. Riziki akasimama barazani mbele ya wazee, ameshika pindo la kanga, midomo ina wekundu ambao si rangi ya duka.

"Na mimi nimekula, baba," akasema. "Ni tamu, ina ukali kidogo." Akangoja. Halafu akauliza, "Sasa shangazi yangu alifukuzwa kwa kosa gani?"

Mji mzima ulikuwa umekula, na walikuwa wamekaa palepale, mbingu ipo, nyumba zipo.

"Kama ni kufukuzwa, tufungeni mizigo wote," akasema Riziki. "Kama ni kukaa, sikai bila yeye. Wakwe zangu wakitaka kungoja, wangoje. Wasipotaka, waende. Mimi naingia ndani, na sitoki mpaka aje kunitoa shangazi yangu."

Akarudi ndani. Na Mzee Mbwana akainuka, hakungoja mtu akohoe. Akaenda barabarani kutafuta lori, akashika tena ile barabara ya kulia. Alipofika kwa dada yake hakughani shairi. Alisimama mbele ya baraza kofia mkononi akasema, "Dada, niliyekusema ni mimi. Twende nyumbani." Na kuna wanaosema Somoe alimjibu, na kuna wanaosema alilia tu, lakini wote wanakubaliana kwamba aliondoka bila kufunga mlango.

Mfano wangu umeishia hapo.

Sasa sisi. Mmecheka sana kwa ajili ya watu wa Mkomamangani, nami nimewaacha mcheke. Lakini nyumbani kwako msahafu uko wapi? Juu ya kabati, umefungwa kitambaa kizuri, una vumbi. Umeuangika. Rehema tunaisifu hapa kila Ijumaa, tunaighani kwa sauti nzuri, tunawapa watoto majina yake. Nani ameionja? Nani ameila mpaka ndevu zikabadilika rangi? Tunalijua ganda, ndugu zangu. Tunajua lina taji kichwani.

Na ubaya si kwamba hatuli. Ubaya ni yule tuliyemfukuza kwa kula. Kila nyumba hapa ina Somoe wake. Yupo binti aliyebeba mimba jina lake halitajwi tena kwenye kisomo. Yupo ndugu aliyesemwa, na aliyemsema amekaa humu ndani sasa hivi, amevaa kanzu imepigwa pasi. Sikutazami wewe. Wala usimtazame mwenzako. Wale tuliowafukuza wanaishi mahali, wanaswali mahali, na pengine huko waliko ndiko jina letu la zamani lilikohamia, na sisi huku tumebaki na kibao.

Muadhini anakaribia kukimu. Tukisimama nitawaambia kama ninavyowaambia kila siku, sawazisheni safu, zibeni mapengo. Leo msiharakishe kuziba. Kila mtu atazame pengo lililo pembeni yake, huku kwetu na huko kwa mama zetu, ajiulize hapo alikuwa akisimama nani.